Mawe ya Songwe Katika Tangi la Kalista

Jumapili, 29 Agosti 1976

Mbeya. Majani mapya tangini yametoka yamejikunja tena, ncha zimekauka. Konokono nao magamba yamelika, yana matundu kama bati bovu.

Maji ya bomba hapa Soweto ni laini mno. Nimepima kwa sabuni ya mche iliyoyeyushwa, kama Kalista alivyonifundisha: tone moja moja kwenye chupa ya maji, unatikisa. Maji ya kwake Kihesa, Iringa, hula sabuni nyingi kabla povu halijasimama. Haya — tone la pili tu, povu hadi shingoni. Hayana chokaa ya kumtosha hata konokono mmoja!

Kalista ni mke wangu, anafundisha Iringa. Mimi gazeti lilinihamishia huku Mei. Alinipa tangi lake la kioo nije nalo: majani, konokono, samaki wanne wadogo wa Usangu. Sharti alilitoa stendi, mbele za watu. Majani yake yakikubali Mbeya, naye ataomba uhamisho. Yakikataa, nisimsumbue tena. Abiria walicheka. Yeye hakucheka.

Anakuja likizo tarehe 11.

Jumanne, 31 Agosti

Songwe, kwa lifti ya lori. Nimeokota mawe meupe, yale wanayochoma kupata chokaa. Nimeyakamulia ndimu, yakatoa povu. Ndiyo yenyewe.

Mchomaji mmoja akaniuliza mawe mabichi ya nini, bwana gazeti, chukua chokaa iliyoiva! Nikamwambia iliyoiva inaunguza; jiwe bichi linayeyuka polepole, linayapa maji ugumu bila kuua. Akasema basi samaki wangu wanadeka kuliko wake zake wote wawili.

Jumatatu, 6 Septemba

Povu sasa linasimama kwa tone la sita. Jani moja jipya limenyooka. Limenyooka kabisa!

Na samaki jike amebeba mayai mdomoni. Koromeo limevimba, hali kitu. Hawa hulea hivyo. Nimempigia Kalista simu shuleni. Akasema atakuja na sanduku la bati. Si mkoba. Sanduku.

Bomba limekauka leo. Mama Mwantumu, mwenye nyumba, amenisimamia mlangoni: watu wanapigana vikumbo bombani, mwanangu, wewe unaogesha samaki? Kweli tupu. Imenikera zaidi kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 8 Septemba

Yotamu, balozi wa nyumba kumi, amepita na filimbi. Ijumaa jioni kuna mgeni wa Chama. Kila nyumba ipakwe chokaa, mashina ya miti, mawe ya njiani. Maji ya kunywa hakuna, ya kukorogea chokaa yamepatikana! Nimemwuliza yametoka wapi. Akasema ndugu mwandishi, wewe andika mazuri tu.

Nimejibu nitaandika nitakachokiona. Amenuna. Anune.

Kesho natumwa Rujewa, mgogoro wa malisho. Mawe ya tangini yameshika ukungu. Nimeyatoa, nimeyasugua, nimeyaanika kando ya mlango. Nitayarudisha nikirudi.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimerudi mchana. Tangi jeupe kama tui.

Mawe yangu yamo ndani. Yamepakwa chokaa! Vijana wa Yotamu walipaka kila jiwe waliloliona Soweto nzima, na yangu yalikuwa yamejipanga vizuri mlangoni. Kisha Mama Mwantumu akayaona yanavyopendeza. Akayarudisha majini kwa mkono wake, moja moja, muda mfupi tu kabla sijafika. Alitaka mke wangu akute kwake kunang'aa.

Amenieleza hayo huku akitabasamu, akisubiri ahsante.

Nitamfokeaje? Ni rika la mama yangu. Nimetoka uani nikapiga teke debe la chokaa la Yotamu. Suruali yote nyeupe. Upuuzi! Wanapaka mawe rangi ya mawe ili mgeni apite garini asiyaone!

Madume matatu yamekufa. Majani yamelegea kama mchicha uliochemka. Jike yuko juu ya maji, anahema, mdomo kaufunga. Nimemtoa kwa bakuli. Maji ya kumtia? Bomba kavu.

Mama Mwantumu alikuwa ameshaelewa. Alifunua mtungi wake, maji ya chai aliyowawekea wageni wa Yotamu, akayamimina yote kwenye karai. Nikamwuliza mgeni atakunywa nini. Akasema atakunywa hotuba.

Bado nina hasira naye. Nimeandika hivyo ili nisijidanganye.

Jumamosi, 11 Septemba

Basi la Iringa limefika saa tisa. Kalista kashuka na sanduku. Njiani ameuliza mara mbili majani yanaendeleaje. Nimejibu utaona. Jibu la mwoga, nalichukia kwa wengine.

Mama Mwantumu alikuwa mlangoni. Shikamoo, marahaba, kisha hakungoja: mwanangu, nimekuulia samaki wako, usimtazame huyu, nitazame mimi.

Kalista akaweka sanduku chini hapo hapo kizingitini. Amepita bila kuvua koti. Ameliangalia tangi, akachomoa lile jani moja jipya, akaliinua mwangani, akalilaza mezani. Sasa amechuchumaa mbele ya karai. Jike anamzunguka kidole. Koromeo bado limevimba, ila hatujui kama mayai ni mazima.

Ameagiza jiwe la Songwe, lisilopakwa. Nimemwambia halipo, yote yamepakwa. Hakunitazama. Akasema basi kesho mtu aende Songwe.

Hakusema nani. Sanduku bado liko kizingitini, nusu ndani nusu nje, na Mama Mwantumu amekwisha kuliruka mara mbili. Nimeinuka nilisogeze. Kalista amesema liache hapo mpaka jike afungue mdomo.