Mashine ya Kaka Rajabu Bado Inavuma

Kijenge, Arusha

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi miguu, uvimbe umepungua? Na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori, ilikufikia? Huku baridi ya Meru imeshuka mpaka mjini, tunashinda na masweta. Mimi na wifi Hadija hatujambo. Mtoto wake ameota meno ya mbele, na anazidi kufanana na baba yake, hata namna ya kukunja uso.

Uliuliza kwa nini nimekuwa kimya. Mama, nilikuwa naogopa kuandika.

Unajua tangu kaka Rajabu atutoke, duka lake la intaneti naliendesha mimi. Chuo kimoja hapa mjini kilikubali kutuletea wanafunzi wajifunze kompyuta, mradi tuweke programu mpya. Bila wao tungefunga, maana maduka ya namna hii siku hizi yamejaa kila kona. Basi nikaanza kuzishusha kutoka mtandaoni. Kaka alituwekea Linux, ule mfumo wa kompyuta usiouzwa, na kila kifurushi chake huja na namba ya uhakiki. Ni kama gunia lako la dagaa: umelipima Kigoma, mnunuzi akilipima tena Tabora uzito ukipishana, analikataa. Kompyuta nayo ikanikatalia: namba hazilingani. Nikashusha upya, ikakataa. Nikalaumu laini ya simu, nikalaumu mvua. Nikafuta vyote nikaanza mwanzo. Namba iliyorudi ilikuwa mbovu ileile.

Hapo hofu ikaniingia, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine nililoficha. Asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nasikia mvumo nyuma ya ukuta wa stoo, na stoo hatujaifungua tangu msiba. Nikasema ni masikio ya mfiwa. Siku moja wifi akaniuliza, "Wewe husikii?" Nikamjibu, "Sisikii kitu." Tangu hapo tukawa hatutazamani usoni.

Nikamwita Elibariki, yule Mmeru rafiki wa kaka aliyesafiri nasi mpaka Ujiji kuzika. Alichukua kifurushi kilekile akakishusha kwenye duka la watu Daraja Mbili. Namba zikalingana. Akarudi, akakaa, akaniuliza:

"Dada Zainabu, bado mnapitia mashine ya Rajabu?"

"Mashine gani?"

"Ya stoo. Kila mnachoshusha kinapita kule. Inatunza nakala, ili anayekuja baadaye asingoje. Sasa diski yake imechakaa, inawarudishia nakala ileile iliyoharibika."

"Nani anaiwasha?"

"Umeme ukirudi inajiwasha. Hakuna aliyewahi kuizima."

Tukafungua stoo. Ilikuwa sakafuni, chini ya koti lake, taa ya kijani inapepesa. Mama, miezi yote hiyo, kila tulichoomba kilikuwa kinapita kwanza mikononi mwake.

Elibariki akazielekeza kompyuta zetu zichukue vitu moja kwa moja, kisha akasema nakala zote zifutwe na mashine izimwe. Akanisogezea kibodi. Wifi akanishika mkono.

"Usizime. Iache tu ivume humo."

"Wifi, inatupa vitu vilivyoharibika."

Alilia sana. Kisha akaniachia mkono.

Nikafuta, nikazima. Kimya kilichofuata kilikuwa kama cha siku ile wanaume waliporudi kutoka makaburini.

Nikaomba vifurushi upya. Vikashuka, namba zikalingana, programu ikakaa vizuri. Na mimi, bila kufikiri, nikageukia stoo nikapaza sauti:

"Kaka, imekubali!"

Wateja wote wakageuka. Elibariki alikuwa humo ndani anakunja nyaya. Akajibu taratibu, "Nimesikia, dada."

Wanafunzi wameanza kuja, duka halifungwi. Stoo tunaiacha wazi mchana kutwa.

Mpe salamu baba mdogo anayekusomea barua hii, na asiruke mahali popote. Msalimie shangazi, na shoga yako jirani anayekuchotea maji. Wifi anakuamkia, na mjukuu wako angekuamkia kama angejua kusema.

Niombee, Mama, nami sikuachi katika dua.

Binti yako,
Zainabu