Magurudumu ya Mbele

Ihumwa, Jumatano

Mdogo wangu Yoramu,

Bwana asifiwe. Mvua imenyesha, mama anakula vizuri, ila mimi nina hasira nawe na sitaificha.

Unakumbuka gari la usharika lilipokwama kwenye tope la Bahi na wagonjwa ndani, tukamfukuza dereva Zablon kwa uzembe. Alisema, "Mama, gia ya foo-wili, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, niliingiza, ila ya mbele hayakuvuta." Mimi, mzee wa kanisa, nikamwita mwongo. Wewe ukaitikia amina.

Jana fundi Kishan alilipiga gari hilo jeki, akawasha na kuingiza gia. Shafti ya mbele ikazunguka, magurudumu yakatulia tuli. Akafungua vikombe vya katikati ya magurudumu, ndani hamna vile vyuma vinavyoshikisha gurudumu kwenye shafti. Akacheka, "Dada, aliyechomoa vyuma hivi ni mstaarabu, vifuniko amerudisha na kuvifuta."

Kabla ya safari ile gari lililala kwako siku tatu, na pikapu yako, iliyokuwa haivuti magurudumu ya mbele, ikapona wiki hiyohiyo.

Jumapili nitamwomba Zablon msamaha mbele ya kanisa. Nitaanza na dhambi yangu, kisha nitaitaja yako. Ukipenda kuitaja mwenyewe, ibada inaanza saa moja.

Dada yako,
Perisi