Presha Imeshuka, Vero

Vero,

Naenda Kinoo kwa dada yangu, nitarudi jioni. Maharagwe yapashe tu, usiongeze chumvi.

Asubuhi uliponinyang'anya minji ya mkebe nilikuambia hii nyumba ni ya mwanangu. Nisamehe. Nilienda kliniki nikiwa nimenuna, wakanipima, presha imeshuka! Nesi akauliza, "Mama, unakula nini siku hizi?" Nikamwambia mke wa Clifford ananipikia ugali wa wimbi na mtama. Akasema, "Endelea na nafaka isiyokobolewa. Minji ya mkebe si mbaya, lakini ioshe kwanza chumvi itoke." Kwa hivyo hata mimi nimeshinda kidogo.

~~Sina mikebe mingine.~~ Iko mitatu chini ya kitanda changu.

Marehemu mama yangu hakupata mtu wa kumgombeza hivi. Asante.

Mamako. Hilo neno "mkwe" tuliache.