Damu ya Batul

Kahama,
11 Agosti 1996

Mdogo wangu mpenzi Kausar,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye magoti yamempa nafuu baada ya baridi ya Tabora kupungua. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Hozefa yuko dukani, anawauzia wachimbaji kamba na mipira ya maji kama kawaida. Nimekuandikia Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani ili mama asiisome kabla yako. Utanisamehe.

Uliniuliza hali ya Batul. Utakumbuka alipozaliwa kitovu kilikaa mwezi mzima bila kudondoka. Mama Limi, jirani yetu, alikuwa akija asubuhi kunisaidia kumwogesha, na kila akikitazama hutikisa kichwa. Baadaye zikaja homa, masikio, fizi, halafu kidonda pajani, pale alipochomwa sindano. Kidonda kile kilinitisha, Kausar. Kilipanuka, kikawa cheusi pembeni, lakini hakikutoa usaha hata tone. Mama mkwe alifurahi, akasema kidonda kikavu kinapona. Hakikupona.

Mwezi wa sita tukampeleka Mwanza. Dokta Athanas, daktari wa watoto, alipima damu, akapima tena, maana hakuamini. Chembe nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, zilikuwa nyingi kupita kiasi. Hozefa akauliza, "Kama walinzi ni wengi hivyo, mbona mtoto anaumwa?"

Daktari akatueleza taratibu. Alisema chembe hizo huzunguka ndani ya mishipa. Penye kidonda mwili huziita, nazo hunata kwenye ukuta wa mshipa, zikajipenyeza nje, zikatambaa mpaka kwenye vijidudu. Usaha tunaouchukia ndio alama kwamba zimefika. Za Batul zinaitwa, lakini zimeumbwa bila kitu cha kunatia. Zinapita na damu, zinarudi, zinapita tena, na kidonda kiko palepale. Damu ilipelekwa Nairobi, ikaja na jibu hilohilo.

Nikamwuliza dawa. Akasema dawa za vijidudu zitamsogeza mbele kidogo tu. Tiba ni kupandikizwa uboho wa mifupa, Ulaya au India, na mtoaji wa kufaa zaidi ni ndugu wa tumbo moja. Batul hana ndugu. Daktari aliyasema hayo akitazama dirishani.

Kisha akauliza kama mimi na mume wangu ni ndugu. Hozefa akamjibu kuwa baba zetu ni wa mama mmoja na baba mmoja. Daktari akasema huenda sote wawili tumebeba kasoro hiyo bila kuumwa, na Batul ameipata kutoka pande zote mbili. Akauliza kama kuna ndoa nyingine ya namna hii inayotazamiwa katika ukoo. Hozefa akasema hapana.

Nilimwangalia, mdogo wangu. Abbas ni mdogo wake wa damu, na gauni lako la arusi liko kwa fundi. Tulipotoka nje akaniambia, "Ukimwambia Kausar, utavunja nyumba mbili." Mama mkwe naye ameniapisha.

Sikwambii umkatae Abbas. Ni mtu mwema, na huenda ninyi hamkubeba kitu. Hapa hakuna wa kuwapima. Nimeona tu usiingie bila kujua, kama nilivyoingia mimi.

Lipo na jingine. Nina mimba ya miezi mitatu. Hozefa alilia kwa furaha, anasema huyu ndiye atakayempa dada yake uboho. Tulipomrudia Dokta Athanas, hakumkatisha tamaa. Mimi aliniambia pembeni kwamba mtoto huyu anaweza kuwa mzima, anaweza kuwa kama Batul, na hata akiwa mzima huenda uboho wao usilandane. Lakini mimi ndiye ninayembeba Batul kila siku, Kausar. Anazidi kuwa mwepesi. Hatamngoja mwenzake. Hilo sijamwambia baba yake, wala sijui nitamwambiaje, na jana Batul aliponishika kidole akacheka, niligeuza uso.

Nifikishie shikamoo kwa mama. Mwambie Batul anawasalimu, ameota jino la nne. Wasalimie na majirani wote wa mtaa wetu wa zamani, na wewe nakukumbatia sana. Niombee.

Mimi dada yako,
Rukhsana (Mama Batul)