Kiporo kwa Bei ya Chakula cha Moto

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na wale mapacha wenu wasiokalika. Mimi sijambo, ila habari za kazini ni ndefu, simu isingezitosha.

Unajua jarida letu la burudani lilivyokuwa likigombaniwa. Siku hizi linarudi mafurushi kwa mafurushi, kamba hazijafunguliwa. Mzee mwenye kampuni aliona dawa ni kupandisha bei. Wasomaji wakapungua. Akapunguza kurasa ili afidie, wakapungua zaidi, naye akapandisha tena. Sasa kijarida chembamba kinauzwa bei ya mikate miwili, halafu tunashangaa.

Nikaamua kwenda kuwauliza wasomaji wenyewe. Msusi wa nyuma ya ofisi yetu, aliyekuwa akilinunua ili wateja wasome wakisubiri zamu, alinicheka waziwazi. Alisema harusi ya yule mwigizaji tuliyemweka kwenye jalada aliiona kwenye simu siku ileile, mpaka machozi ya mama mkwe. Sisi tulimletea wiki iliyofuata, picha zilezile, tukataka alipe zaidi.

"Mnaniuzia kiporo kwa bei ya chakula cha moto," aliniambia.

Nilipomuuliza angelipia nini, alifikiri huku vidole vikisuka, akasema angelipia habari ya kubishaniwa mpaka kichwa kiishe kusukwa.

Nikampelekea mzee pendekezo: tushushe bei, tuachane na umbea uliopoa, tuandike kwa kina habari za wanaoitengeneza burudani yenyewe. Alinisikiliza, kisha akasema wasomaji hawataki hayo, wanataka siri ya mtu.

Hapo ndipo penye neno lililonifanya nishike kalamu, dada. Siri aliyoitaka ni yako. Amenusa kwamba hukuacha kuimba kwa hiari kama tulivyowaambia watu, na kwamba kuna mambo ya hospitali. Alitaka niandike mimi, kwa kuwa ni ndugu, akaniahidi kiti cha mhariri mkuu. Nilimwambia sina dada wa kuuza. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka.

Usinionee huruma. Mpiga picha wetu kanifuata, na msusi katuachia chumba cha nyuma ya saluni, chenye harufu ya dawa za nywele inayotupigisha chafya. Toleo letu la kwanza limetoka: kurasa chache, bei nafuu, na habari moja ndefu ya mama anayezishonea mavazi bendi tatu zisizosalimiana. Halikuisha lote, nisikudanganye. Lakini saluni nzima ilibishana, na mteja mmoja akaondoka nalo bila kulipa, msusi akamfukuza mpaka barabarani.

Huenda mzee akampata mwingine wa kuandika, ndiyo maana nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Siku ukitaka kusema mwenyewe, kurasa zetu ni zako, na hakuna atakayegusa neno lako. Usipotaka, sitaandika hata mstari, na jarida litaendelea kutoka.

Msalimie shemeji, na mapacha uwakumbatie mpaka walalamike.

Ni mimi mdogo wako,
mhariri wa chumba cha nyuma