Doa Nyuma ya Jua

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Kituo cha Kuchunguza Jua.
Jumanne, 10 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba hajambo? Na goti lako, limepona au bado unaingia chini ya magari kwa ukaidi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haukai. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, na chai imepoa mezani.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Ni ileile yako. Wewe huweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, ukajua ubovu bila kufungua kitu. Jua nalo huvuma ndani. Sauti haitufikii, ila uso wake hutetemeka, nasi tunaupima mtetemo. Mawimbi yakipita penye doa, yaani penye sumaku kali inayozaa dhoruba, hurudi mapema kwa sekunde chache. Ndivyo tunavyoijua dhoruba hata ikiwa upande wa nyuma, tusikouona.

Sasa usinicheke. Wiki iliyopita ramani yangu ya huko nyuma ilionyesha doa jeusi. Nikaangalia ya mwezi uliotangulia: doa, mahali palepale! Lile la kwanza lilipopita mbele yetu lilikuwa dogo, likififia, nikalihesabu limekufa. Hili nikaliita kovu la mashine, kasoro ya chombo chetu na si ya jua. Nikalifuta, nikaandika kuko shwari. Wenye setilaiti wakapanga matengenezo yao Ijumaa, na dhoruba ikizuka siku hiyo itazikuta bila kinga.

Jana naoga, nikaganda na sabuni usoni. Jua hujizungusha kwa siku ishirini na saba, Mjomba! Kinachorudi palepale baada ya mwezi si kovu, ni doa lilelile lililopata nguvu mpya. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mimi mjuaji nimelisahau.

Hakuna aliyegundua. Mkuu wetu kapita mlangoni sasa hivi: "Kazi safi, dada, wiki hii tutapumua." Nimetabasamu kama mwizi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na wa kuutia saini ni yeye. Naogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nitaumbuliwa na jua Alhamisi, doa likijitokeza ukingoni.

Nakumbuka ulivyomkimbilia mteja barabarani, ndala moja mguuni, kwa nati ambayo hukuikaza. Mtaa mzima ulikucheka. Lakini gari lilirudi.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu mshonaji. Mungu akutunzie goti na masikio.

Mpwa wako akupendaye,
Masikio

N.B. Bahasha ataifunga karani. Mkuu anashuka ngazi kwenda nyumbani, nami nimeshavua viatu nimkimbilie.