Yaya, Kompyuta Ilikuwa Imelala Tu

Yaya,

Nimekukasirikia, dada yangu. Watu wananiambia marehemu hakasirikiwi. Wacha waseme, si wao walioachiwa sekretaria hii, kibanda chako cha kuchapia watu kazi.

Siku ile ulipotoka hapa na homa kwenda hospitali, ulibonyeza kitufe cha kompyuta kama kawaida yako, skrini ikawa nyeusi, ukaniambia, "Nakuya sasa hivi." Hukuja. Na kompyuta uliyoiacha haikuwa imezimwa, ilikuwa imelala. Uliipanga hivyo mwenyewe: ukibonyeza kitufe isizime, iingie tu kwenye veille, usingizi wake ule, ili mteja akifika iamke haraka na kila kazi iwe palepale. Ulijivunia hilo kweli. Ulikuwa unakula samaki wa Tchomia, mikono mafuta matupu, unabonyeza kwa kiwiko huku unacheka: "Angalia, iko nalala sawa mutoto." Na mimi nilicheka. Leo nikikumbuka natamani kukupiga.

Kwa sababu hukuhifadhi, Yaya! Ulizoea betri yako ya sola, ile iliyolisha kompyuta hata Bunia yote ikiwa giza, ukaona kuhifadhi kazi ni kupoteza wakati. Nilikuambia. Ukanijibu, "Weye unaogopa sana."

Sasa sikia walichofanya. Kwenye matanga yako wanakwaya walileta vipaza sauti vyao, na umeme hakuna. Shemeji, mume wako, akakumbuka betri ya sekretaria. Nikawaomba waiache, lakini nani ananisikia mimi? Shemeji akasema mbele ya watu wote, "Hii batri iko na kazi gani kule, na mwenyewe alishakufa?" Wakaenda wakaichomoa. Ile taa ndogo ya kompyuta ilikuwa bado inawaka na kuzima, kuonyesha kwamba ndani kuna kazi iliyo wazi. Hawakujua maana yake. Wakakuimbia wee, kwa betri yako mwenyewe, na TFC ya Furaha ikapotea.

Furaha wetu, aliyekimbia vita kutoka Djugu na sasa analala kwa mjomba wake. Ulikuwa unamchapia hiyo TFC, kazi yake ya kumalizia masomo. Alikuja kunipa pole, akakaa, halafu akauliza kwa aibu kama ilikuwa imekwisha. Nikairudisha betri, nikawasha. Kompyuta ikaanza upya kabisa. Sura ya kwanza ilikuwepo, zingine hakuna. Furaha hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa tu. Heri angenitukana! Siku ya kuweka kazi chuoni ilikuwa karibu, na akiikosa anangoja mwaka mzima, na mjomba alishasema yeye hatamlisha mwaka mwingine.

Tukaanza tena. Alikuwa bado na karatasi zake za mkono, lakini zile hazikuwa na masahihisho yenu, yale mliyokuwa mnabishania hapa mezani hadi mnasahau kula. Yeye anasoma, mimi nachapa. Tukifika mahali fulani anasimama: "Hapa Yaya alisema tuseme vingine." Vipi? Hakumbuki. Na mimi sikumbuki. Basi tunaweka sentensi yetu, mbovu kuliko yako. Nyakati hizo nilikuchukia, Yaya. Nasema kweli.

Na unajua kinachoniuma zaidi? Nimeingia kwenye mipangilio ya kompyuta, kule kwenye options d'alimentation, mambo ya umeme, nikakipanga kitufe upya. Sasa kinafanya veille prolongée: kompyuta inaandika kila kitu kwenye diski kwanza, ndipo inalala. Hata mtu achomoe betri, ukiwasha kazi inarudi. Njia ilikuwepo siku zote! Hukuiona? Au uliiona ukaiacha kwa sababu inachelewa kidogo kuamka? Ungenijibu nini? Kila siku nakuuliza na nakasirika upya.

Shemeji ameniomba msamaha, nusu nusu, huku anaangalia barabara. Bado sijamjibu.

Furaha aliweka kazi yake kwa wakati. Ukurasa wa mwisho kuuchapa ulikuwa wa shukrani. Aliuandika kwa mkono wewe ukiwa bado hai, na jina lako limo: "Kwa Yaya wa sekretaria, Mungu amupe maisha marefu." Nikaacha kuchapa. Nikamuuliza kama tuandike "marehemu", tufute yale maneno ya maisha marefu. Furaha akasema, "Hapana. Uandike vile niliandika." Nikaandika. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena, halafu nikanakili kwenye ufunguo wa USB, flashi ndogo tu, nikauvaa shingoni.

Basi pumzika, Yaya. Nakuahidi sekretaria haitafungwa, na hakuna mteja atakayepoteza hata mstari mmoja mikononi mwangu. Kukusamehe sikuahidi bado. Lakini jina lako hakuna tena wa kulichomoa.

Mdogo wako